Malaria Imeonekana, Lakini Tumbo Bado Gumu

Wagonjwa wengi wa tumbo la ghafla wanaoingia chumba cha upasuaji wakiwa wamechelewa huwa wameshapita kwa mtu, wameshapimwa, na wameshapewa jina la ugonjwa. Kadi imeandikwa malaria, au taifodi, au U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo), au vidonda vya tumbo. Dawa zimeanza. Anayeingia zamu ya jioni analisoma jina lile, wa usiku naye analisoma, na kila mmoja anaongeza dripu. Kwetu sisi tunaopokea wagonjwa katika hospitali za wilaya, hili linatuumiza kuliko kukosa mashine na kuliko kukosa daktari bingwa: jibu la maabara lilikuwa la kweli, ila silo lililomlaza mtu yule kitandani.

Chukua kipimo cha haraka cha malaria. Kinatafuta protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Tena kwenye mikoa yenye malaria nyingi, kama Kigoma, Geita, Mtwara au Lindi, na kule magharibi mwa Kenya kandokando ya ziwa, wapo watu wanaotembea na vimelea bila kuumwa. Mtoto wa hapo akipata kidole tumbo, mstari wa pili unaweza kutokea vilevile. Kipimo cha Widal ni kibaya zaidi, kwa sababu kinapima kinga ambayo mwili uliijenga zamani au kwa vijidudu vingine, na kipimo kimoja tu hakithibitishi taifodi. Mkojo nao: kidole tumbo kilichovimba kikigusana na kibofu au mrija wa mkojo, seli za usaha huonekana kwenye darubini, na U.T.I. inaandikwa. Na kipimo cha choo cha bakteria wa vidonda vya tumbo ukimpima mtu mzima yeyote wa Afrika Mashariki, uwezekano wa kukuta jibu chanya ni mkubwa hata kama tumbo lake ni zima kabisa.

Kwa hiyo malaria ikionekana, itibu. Kisha rudi kitandani uulize swali lilelile ulilokuwa nalo kabla ya karatasi kurudi: je, tumbo hili linahitaji kisu?

Kazi inaanza kabla ya mkono kugusa tumbo. Mapigo, presha, pumzi kwa dakika nzima, joto, sukari ya kidoleni, na kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa, kipimo cha mimba. Mambo haya sita hayazidi dakika kumi na hayahitaji bingwa. Presha ndiyo inayodanganya watu. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza karibu theluthi ya damu yake, lita moja na nusu hivi, kabla presha yake haijashuka waziwazi, kwa sababu mishipa inajibana na moyo unakimbia. Ndiyo maana tunagawanya mapigo kwa presha ya juu. Mtu mzima aliyetulia hupata kati ya 0.5 na 0.7. Ikizidi 0.9, shtuka. Binti mwenye mapigo 118 na presha 98/64 anapata 1.2, na huyo hatumwachi akae kwenye benchi kusubiri namba, hata kama anaongea vizuri na anachati kwenye simu. Wapo pia wachache ambao damu ikijaa tumboni mapigo hayapandi, au hata yanashuka, kwa hiyo mapigo ya kawaida peke yake yasikulaze usingizi.

Maswali nayo yana mpangilio. Maumivu yalianza saa ngapi, na ulikuwa unafanya nini? Anayeweza kusema "nilikuwa nainua ndoo, pap!" anaelezea kitu kilichopasuka, kilichotoboka au kilichojisokota. Anayesema lilianza polepole tangu jana mchana anaelezea uvimbe unaokua. Kisha: yalianzia wapi, na sasa yako wapi? Kipi kilitangulia, kuuma au kutapika? Katika kidole tumbo maumivu hutangulia, hamu ya kula inaondoka, ndipo kutapika kunafuata. Aliyeanza kwa kutapika na kuharisha, tumbo likauma baadaye, mara nyingi ana maambukizi ya utumbo, ingawa si mara zote. Katika taifodi iliyotoboa utumbo, homa imekuwepo wiki mbili au tatu, ndipo siku moja tumbo likabadilika. Mpangilio huu hauhitaji umeme wala vitendanishi, na unatenganisha magonjwa kuliko picha nyingi.

Usisahau kuuliza alichokwisha kunywa. Diklofenaki ya dukani iliyomezwa miezi miwili kwa ajili ya mgongo ni njia fupi ya kutoboa tumbo. Mafuta ya nyonyo na dawa za kuharisha kwa mtu mwenye kidole tumbo huongeza hatari ya kupasuka. Dawa za miti shamba kwa mjamzito zinaweza kukaza kizazi kupita kiasi. Ukiuliza kwa ukali hutajibiwa, maana watu wameshagombezwa vya kutosha. Tazama pia ngozi. Chale mpya zilizochanjwa juu ya tumbo zinakuonyesha mahali palipouma siku ya kwanza, hata kama leo mgonjwa anasema panauma kote.

Madaktari wa upasuaji wa zamani waliweka kanuni ambayo haijachakaa: maumivu makali ya tumbo kwa mtu aliyekuwa mzima, yakidumu zaidi ya saa sita, yahesabiwe kuwa ya upasuaji mpaka ithibitike vinginevyo. Kule ambako mgonjwa kafika baada ya siku mbili, saa sita zimeshapita zamani.

Sasa tumbo lenyewe. Kwanza tazama anavyolala. Mwenye mawe ya figo au utumbo unaosokota hujigaragaza, anainuka, anakaa, anazunguka. Mwenye usaha au tindikali iliyomwagika kwenye utando wa tumbo halisogezi hata godoro. Anapumua kwa kifua cha juu na anakutazama kwa macho tu. Mwambie akohoe. Akishika sehemu moja na kukunja uso, ameshakuonyesha. Mtoto mwambie aruke kwa mguu mmoja, au agonge kisigino chini. Mtoto aliyeruka huku anacheka ana nafasi ndogo sana ya kuwa na tumbo lililochafuka ndani.

Kupapasa kunahitaji mkono wa joto, magoti ya mgonjwa yakiwa yamekunjwa, na kuanzia mbali na panapouma. Watu wengi hukaza misuli kwa woga tu. Ili kujua, bonyeza taratibu wakati anatoa pumzi: misuli iliyokazwa kwa woga hulegea, iliyokazwa na uchafu wa ndani hailegei. Ile iliyokauka pande zote, gumu kama ubao, haihitaji mjadala. Kugongagonga kwa kidole kunatosha kutafuta maumivu ya utando. Ile desturi ya kubonyeza kwa nguvu na kuachia ghafla inamtesa mgonjwa, na baada ya hapo hatakuruhusu tena umguse. Kwa mtoto anayelia, tumia stethoskopu kama mkono: anadhani unasikiliza, kumbe unabonyeza. Au weka mkono wake mwenyewe juu ya tumbo, wako juu ya wake.

Kisha vua nguo mpaka kwenye mapaja. Aibu ya mgonjwa na haraka ya tabibu zinaungana kuficha kinena, na huko ndiko ngiri iliyonasa inakokaa. Kwa bibi mwembamba anayetapika siku tatu, kijivimbe kidogo chini ya mkunjo wa paja, kisichozidi ukubwa wa ndimu, kinaweza kuwa sababu yote. Kwa mvulana wa miaka 12 hadi 18 anayelalamika tumbo la chini, shika korodani. Hatasema mwenyewe, hasa mbele ya mama yake. Korodani iliyojisokota ina saa sita hivi za kuokolewa vizuri. Ikifika siku nzima, kwa kawaida imeshakufa. Mvulana wa namna hii akipewa dawa ya minyoo akarudishwa shule, hasara yake ni ya maisha.

Kwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi tunakaa muda mrefu, kwa sababu huua haraka na hugundulika kirahisi pale anayetafuta anapoamua kutafuta. Mara nyingi ni wiki ya sita hadi ya nane tangu hedhi ya mwisho. Tumbo la chini linauma upande mmoja, damu ukeni ni kidogo na ya kahawia, kisha anahisi kizunguzungu anaposimama chooni. Damu ikijaa tumboni inagusa kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kwa kuwa neva ya kiwambo inatoka shingoni, anaanza kulalamika bega. Binti anayesema tumbo na bega vinauma, hasa akilala chali, apewe kitanda kwanza, maelezo baadaye.

Tatizo ni historia. Binti kaja na mama mkwe. Ukimuuliza mbele yake kuhusu siku zake, jibu ni moja tu: "Niliona juzi." Njia inayofanya kazi ni kumheshimu mkubwa huku ukimtoa. "Shikamoo mama. Naomba utusaidie kuchukua kadi pale dirishani, sisi tunampima presha." Mlango ukifungwa, vuta kiti karibu: "Dada, hapa ni mimi na wewe tu. Siku zako za mwisho zilikuja kama kawaida yako, au zilikuwa kidogo na za rangi tofauti? Na zile za mwezi wa kabla yake?" Swali la mwezi wa kabla ni la lazima, kwa sababu ile aliyoiita hedhi ya juzi inaweza kuwa damu ya mimba yenyewe.

Na vyovyote atakavyojibu, pima mkojo. Mwenye kijiti, aliyechomwa sindano, mwenye kitanzi, aliyefungwa kizazi, mwanafunzi, mtawa, mjane: wote. Kitanzi na kufunga kizazi hupunguza sana mimba, lakini ile chache inayopenya ina uwezekano mkubwa zaidi wa kukaa nje ya kizazi kuliko mimba ya kawaida. Kipimo cha mkojo kinashika kuanzia mIU 25 hivi za homoni ya mimba kwa mililita, kwa hiyo jibu hasi kwa kawaida linatuliza. Ila mkojo mwepesi sana, baada ya lita mbili za dripu, unaweza kulipoteza. Chukua mkojo kabla ya maji. Hana mkojo? Weka mpira wa mkojo. Utauhitaji hata hivyo.

Mimba ipo na tumbo linauma, basi ultrasaundi inaulizwa maswali mawili tu: je, kuna mimba ndani ya kizazi, na je, kuna maji mahali pasipostahili? Weka kichwa cha mashine ubavuni kulia, kati ya ini na figo, kisha nyuma ya kizazi. Mstari mweusi kati ya ini na figo kwa mwanamke mwenye mimba isiyoonekana kizazini unatosha kuita timu ya upasuaji. Mashine haipo au imeharibika? Sindano ikivuta damu isiyoganda kutoka tumboni inasema jambo lilelile. Na kama ameshapauka na presha imeshuka, hata ultrasaundi ya kituo cha jirani ni kupoteza muda. Maji yasimiminwe hovyo: presha ya juu ya 80 hadi 90 kwa mtu anayejitambua inatosha mpaka mshipa ushikwe, kwa sababu kuisukuma juu kunafumua damu iliyoanza kuganda na kuzimua iliyobaki. Damu ya benki ikikosekana, ile iliyomwagika tumboni karibuni inaweza kuchotwa, kuchujwa kwa shashi safi na kurudishwa mwilini kupitia mfuko wenye dawa ya kuzuia kuganda. Hospitali nyingi za wilaya zimeokoa watu kwa njia hiyo. Kundi la damu likiwa hasi, mchome anti-D, sindano ya kulinda mimba zijazo, jambo linalosahaulika kwenye furaha ya mgonjwa kuamka.

Tumbo au utumbo uliotoboka una hila moja ambayo imewapotosha hata wazoefu. Tindikali ikimwagika, chembe ya moyo inachoma ghafla na mgonjwa anakauka. Saa chache baadaye majimaji ya mwili yanaizimua, maumivu yanapungua, mgonjwa anasema afadhali, ndugu wanashukuru, na mtu anaandika "anaendelea vizuri baada ya Buscopan," ile dawa ya kutuliza msokoto. Ukimgonga kidole tumboni bado anaruka, na mapigo yamepanda kutoka 92 hadi 110. Baada ya hapo usaha unaanza na tumbo linavimba. Kidole tumbo kikipasuka nacho hutoa ahueni ya aina hiyo. Tunaamini mapigo na kidole kuliko neno "afadhali."

Eksirei ya kifua akiwa wima inatafuta hewa chini ya kiwambo, upande wa kulia juu ya ini. Inaharibiwa na haraka: mgonjwa anaketishwa na kupigwa picha papo hapo. Aketi dakika kumi kamili ili hewa ipande. Asiyeweza kuketi alazwe ubavu wa kushoto dakika kumi, picha ipigwe kwa mlalo, na hewa itaonekana kati ya ini na ukuta wa tumbo. Hata ukifanya hivyo, hewa haionekani kwa robo hivi ya waliotoboka. Tumbo gumu lenye eksirei safi bado ni tumbo gumu.

Kwa kidole tumbo, hesabu ya alama ya daktari Alvarado ya 1986 inafaa pale ambapo hakuna picha ya CT. Maumivu kuhama kutoka kitovuni kwenda chini kulia, alama 1. Kukosa hamu ya kula, 1. Kichefuchefu au kutapika, 1. Kuuma ukibonyeza chini kulia, 2. Kuuma ukiachia, 1. Joto la 37.3 au zaidi, 1. Chembe nyeupe za damu kuzidi 10,000, alama 2. Na ongezeko la chembe nyeupe changa, 1. Jumla ni 10. Chini ya 5 uwezekano ni mdogo, 5 na 6 alazwe apapaswe tena, 7 kwenda juu aonwe na mpasuaji. Hesabu hii huyumba kwa wanawake vijana, wazee na watoto wadogo. Haioni vizuri pia kidole kilichojificha: kikiwa nyuma ya utumbo mpana, tumbo la mbele linaweza kuwa laini na maumivu yakawa ubavuni au pale anaponyoosha mguu wa kulia nyuma, kikiwa chini kwenye nyonga, mgonjwa anaharisha kidogo kidogo choo chenye ute na anakojoa mara kwa mara. Ndiye huyo anayeandikiwa U.T.I. na kupewa antibiotiki ya siprofloksasini.

Utumbo ulioziba una mambo manne: kusokota, kutapika, kuvimba, na kutotoa choo wala hewa. Ukiziba juu, kutapika kunatangulia na tumbo halivimbi sana. Ukiziba chini, tumbo linavimba kwanza na kutapika kunakuja mwishoni. Tazama makovu: kovu la upasuaji wa uzazi la miaka kumi iliyopita linatosha kuacha utepe unaonasa utumbo leo. Kusokota kukigeuka kuwa maumivu ya moja kwa moja yasiyopumzika, utumbo umeanza kufa. Bomba la maji ya sabuni kwa njia ya haja kubwa hapa ni hatari, ingawa ndilo ndugu wanaloliomba.

Kwetu utumbo mpana kujisokota ni wa kawaida kuliko Ulaya, hasa kwa wanaume. Tumbo linakuwa kubwa ajabu na likigongwa linalia, tena mgonjwa mara nyingi anasema liliwahi kuvimba hivi likaisha lenyewe. Eksirei inaonyesha kitanzi kimoja kikubwa kikipanda kutoka nyonga, umbo la punje ya kahawa. Kama hana homa, tumbo halijakauka, na hakuna damu kwenye choo, mpira mpana unaopitishwa kwa uangalifu kupitia njia ya haja kubwa, kwa kifaa cha kutazamia, unaweza kufungua. Simama pembeni, si nyuma. Mpira ubaki ndani siku moja hadi tatu ukiwa umefungwa vizuri pajani, na upasuaji upangwe kabla hajaruhusiwa nyumbani, maana hujirudia. Ukiona dalili yoyote ya utumbo uliokufa, usiufungue kwa mpira hata kidogo.

Mtoto mdogo ana lake: utumbo kuingia ndani ya utumbo, hasa kati ya miezi mitatu na miaka miwili. Analia ghafla, anavuta magoti tumboni, anapauka, ananyamaza, anacheza, kisha baada ya dakika 15 au 20 anarudia. Choo chenye damu na ute huja baadaye, na kikishaonekana, neno "amiba" liko tayari mdomoni mwa kila mtu. Mtoto wa miezi saba kuwa na amiba ni jambo la nadra. Papasa upande wa kulia juu, mtoto akiwa ametulia kati ya vilio viwili, utafute uvimbe mrefu. Mama akikuambia "analia kwa zamu zamu, daktari," amekupa utambuzi. Kaa naye nusu saa uone.

Mengine yanaigiza. Kisukari kilichopanda na kutengeneza asidi huleta tumbo kali na kutapika, na mgonjwa anapumua kwa kina na haraka. Ndiyo sababu ya sukari ya kidoleni mwanzoni. Asidi ikishuka maumivu yaondoke; yasipoondoka, tafuta tena. Nimonia ya chini ya pafu huuma tumboni kwa mtoto: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja, 40 au zaidi kuanzia mwaka hadi mitano. Mzee wa kisukari anayelalamika kiungulia na jasho jembamba apimwe moyo kabla ya kupewa dawa ya tindikali. Mwenye selimundu anajua maumivu yake. Muulize kama ya leo ni yaleyale, na pima bandama kwa vidole, kwa sababu kwa mtoto bandama inaweza kumeza damu yake kwa saa chache. Gongo na chembe ya moyo inayopenya hadi mgongoni, huku mgonjwa akiinama mbele kutafuta nafuu, elekea kongosho. Aliyeanguka na bodaboda mpini ukampiga tumboni asiruhusiwe kwa sababu ngozi haina alama. Bandama na kongosho hujitokeza baadaye, wakati mwingine siku ya pili.

Wazee, wanaotumia steroidi kwa muda mrefu, wenye kisukari na wenye VVU ambao kinga imeshuka hawakauki tumbo inavyotarajiwa. Joto 36.8, chembe nyeupe za kawaida, tumbo laini, na utumbo umetoboka. Mzee mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio anayelia maumivu makali wakati tumbo ukilipapasa halina kitu, huenda mshipa wa utumbo umeziba. Kwa watu hawa kizingiti cha kulaza na kutoa rufaa kiwe chini.

Kuhusu dawa ya maumivu, ile imani kwamba inaficha ugonjwa imeshapimwa na kuonekana haina msingi. Mofini miligramu 0.1 kwa kilo, kwa mshipa, ikitolewa kidogo kidogo, inalegeza hofu na kuacha yale maumivu halisi ukibonyeza. Upapasaji unakuwa bora. Kinachoficha ugonjwa ni kumpa mtu sindano kisha kumruhusu. Diklofenaki tuiweke pembeni pale tunaposhuku kidonda, damu kuvuja au figo zilizokosa maji.

Na pale usipojua? Hutokea kila wiki. Usimpe jina. Andika "maumivu ya tumbo, sababu haijajulikana," mlaze bila chakula, na mkono uleule uliompapasa saa mbili usiku umpapase tena kabla ya alfajiri. Asipokuwa wa kulazwa, arudi kesho asubuhi hata kama amepona, na ndugu aambiwe ya kumrudisha usiku huohuo: kuzimia, bega, kutapika kijani, tumbo kuvimba, kutotoa hewa.

Anayekwenda rufaa aende ameandaliwa. Kanula mbili za mshipa, namba 16 au 18. Mpira wa puani kama anatapika au amevimba, ncha ya nje ya mpira huo ikiwa wazi kwenye mfuko na si imefungwa. Mpira wa mkojo, tukitegemea angalau mililita 30 kwa saa kwa mtu wa kilo 60. Seftriaksoni gramu 2 na metronidazoli miligramu 500 zitolewe kabla ya gari kuwashwa, si zifungashwe kwenye mfuko. Kundi la damu limepimwa, na ndugu wawili wenye afya wapande gari kwa ajili ya kutoa damu. Barua iandikwe saa maumivu yalipoanza, mapigo ya saa tatu tofauti, mkojo wa kila saa, jibu la kipimo cha mimba, kila dawa na saa yake, na ugonjwa unaouhofia hata kama huna uhakika nao. Kisha piga simu umwambie daktari anayepokea, kwa sauti, neno hilo la hofu: "Nashuku ametoboka." Barua yenye maneno "tumbo, kwa uchunguzi zaidi" humweka mgonjwa kwenye foleni ya asubuhi.